Vipuri vya baiskeli ya kushuka milima: kipi kinahimili mawe ya Mwanza, kipi kinakufa mapema

Ukitaka kuunda baiskeli ya kushuka milima na utaiendesha Mwanza, acha kwanza habari ya uzito na ya nini kinatumiwa na mabingwa. Anza na mawe. Kuanzia Capri Point, Isamilo na Bugando hadi vilima vya Nyegezi na Luchelele, unachopita juu yake ni granaiti: majabali yenye kingo, ngazi za mawe ambazo hakuna aliyezijenga, na katikati yake changarawe iliyomomonyoka kutoka kwenye mawe hayohayo. Changarawe hiyo imejaa kwatsi, na kwatsi ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Ikishaingia kwenye beringi inasaga kama jiwe la kinu.

Miteremko yetu ni mifupi. Njia ya mashindano ya Fort William kule Uskoti ina urefu wa kilomita 2.8 na inashuka mita 555, na adui mkubwa wa breki na shokapu kule ni joto. Huku kwetu hakuna mahali pa kushikilia breki muda mrefu namna hiyo. Kinachoua baiskeli hapa ni ringi kugongwa na ukingo wa jiwe, sili kuliwa na mchanga, na pedi za breki kusagwa na tope wakati wa masika. Nafuu tuliyonayo ni kwamba ziwa ni la maji baridi. Chumvi inayokula alumini na boliti za baiskeli za Dar na Tanga haipo, kwa hiyo usikubali kulipa zaidi kwa ajili ya boliti za titani.

Kila kipuri hapa chini kimepimwa kwa maswali matatu. Kinahimili kipigo? Kikiharibika, fundi mwenye vifaa vya kawaida anaweza kukirudisha kazini? Na kitu kidogo kinachoisha ndani yake, iwe beringi, pedi au mafuta, kinapatikana bila kungoja kifurushi kutoka ng'ambo? Kipuri kinachopita swali la kwanza na kufeli hayo mawili mengine kitakuacha bila baiskeli wiki sita.

Magurudumu

Pesa nyingi iishie hapa, na bila kuona huruma.

Ringi iwe ya alumini. Ringi nzuri za kaboni ni imara kweli, lakini tofauti iko kwenye namna zinavyokufa. Kaboni ikigongwa kupita uwezo wake inapasuka, na ikipasuka hainyooshwi wala haichomelewi. Alumini inabonyea, na ukingo uliobonyea milimita mbili au tatu unanyooka kwa spana malaya ndani ya dakika kumi. Toa tairi, futa mchanga wote, halafu vika taya za spana kipande cha tyubu kuukuu ili zisikwaruze. Kaza taya zishike ukingo bila kucheza. Vuta kidogo kidogo, ukianzia pembeni mwa bonde na kusogea kuelekea katikati. Anayeanzia katikati ananyoosha pale tu na kubaki na mawimbi mawili pande zote mbili, na tairi ya tyubulesi (isiyo na tyubu ndani) haitakaa kwenye mawimbi. Usipashe moto, kwa sababu joto linalainisha alumini na ringi itabonyea tena siku hiyohiyo. Ukiona mstari mwembamba kama unywele kwenye pembe ya ndani ya ukingo, au ufa unaozunguka tundu la spoku, usinyooshe. Ringi hiyo imekwisha.

Chaguo letu ni DT Swiss EX 511: upana wa ndani milimita 30, mashimo 32, na uzito unaokaribia gramu 600 kwa ringi ya inchi 29. Zipo nzito zaidi zinazotangazwa kuwa ni za kushuka tu, ila hii inanyooka vizuri na haihitaji nipeli za ajabu. Ukipewa ya mashimo 28 kwa bei nzuri, iache. Spoku nne ndizo zinazokupa nafasi ya kumaliza mteremko baada ya moja kukatika.

Spoku chagua zile za kichwa kilichopinda, milimita 2.0 kwenye ncha na 1.8 katikati, za chuma kisichoshika kutu, zisukwe kwa kupishana mara tatu. Sapim Race na DT Swiss Competition zote mbili zinafaa. Ule wembamba wa katikati unafanya spoku inyumbuke kidogo gurudumu linapogonga jiwe, badala ya kukatika shingoni. Spoku zilizonyooka kichwa hadi mkia ni nzuri kwa macho, lakini kila habu ina urefu wake na hutazipata kwa mtu mwingine yeyote wa kukuazima. Nipeli ziwe za shaba. Za alumini huliwa pembe na spana, na ikishakuwa duara utalazimika kukata spoku nzima.

Angalizo kwa mafundi wetu wazuri wanaosuka ringi za Phoenix kwa kusikiliza sauti tu: gurudumu la diski haliko sawa pande mbili. Gurudumu la nyuma, spoku za upande wa gia ndizo zinazobeba mvutano mkubwa zaidi. La mbele ni za upande wa diski. Kwa ringi za daraja hili mvutano wa upande mkali huwekwa kati ya kilogramu 110 na 120. Ukizidisha, ringi inapasuka kwenye matundu. Ukipunguza, nipeli zinajifungua zenyewe na spoku zinakatika moja baada ya nyingine bila sababu inayoonekana. Baada ya siku mbili za kwanza za kushuka, rudia kukaza. Spoku mpya lazima zilegee kidogo zikishakaa sawa.

Sasa habu. Fundi yeyote wa Mwanza anaijua habu ya gololi: anafungua, anaosha kwa mafuta ya taa, anaweka gololi mpya na grisi, anakaza koni, unaondoka. Kwa baiskeli ya kubebea mkaa na ndoo za maji ni habu isiyo na mpinzani. Kwa kushuka mawe tunaikataa kwa sababu moja. Mchanga ukishapita sili, unachimba vishimo kwenye bakuli la beringi, na bakuli hilo limekandamizwa ndani ya habu yenyewe. Gololi mpya juu ya bakuli lenye vishimo ni kazi bure. Habu ya beringi za kufungwa unang'oa beringi zote na kuweka nyingine, na habu inarudi kuwa mpya.

Kabla ya kununua habu, tafuta orodha ya namba za beringi zake, uende nayo kwenye duka la beringi za mashine na pikipiki. Namba kama 6902 ina maana ileile duniani kote: tundu la milimita 15, nje 28, unene 7. Familia ya 6000 ni ya mashine za kila aina, kwa hiyo ni rahisi zaidi kupata kuliko ya 6900 ambayo ni nyembamba. Dai herufi 2RS, yaani sili ya mpira pande zote mbili. Yenye kifuniko cha bati tu haitamaliza msimu mmoja wa vumbi.

Kuingiza beringi ndipo pesa nyingi hupotea. Usiigonge kwa nyundo. Tafuta boliti ndefu yenye uzi mzima, nati, na washa mbili nene ambazo upana wake unalingana na ringi ya nje ya beringi, kisha ivute taratibu hadi ikae. Washa ikikandamiza ringi ya ndani, gololi zinaacha alama kwenye njia yake na beringi inakuwa mbovu kabla hata haijazunguka. Ukizungusha kwa kidole na kusikia kama inakwama-kwama, ndivyo ilivyotokea.

Habu tunayoipendekeza ni DT Swiss 350 yenye ratcheti ya meno 36. Kifuniko cha ekseli unakivuta kwa mkono, mwili wa friwili nao unachomoka kwa mkono, na ndani kuna vitu vinne tu: diski mbili za meno na springi mbili zenye umbo la koni. Angalia springi zilivyokaa kabla ya kuzitoa. Futa, paka grisi nyembamba kama unavyopaka mafuta mdomoni, rudisha. Grisi ikijaa, meno yananata, hayashikani kwa wakati, na siku unapokanyaga pedali kwa nguvu yanaruka na kuvunjika. Hilo ni kosa la fundi na halina uhusiano na habu. Hope Pro 5 nayo ni nzuri na vipuri vyake vyote vinauzwa kimojakimoja, ila ina vidoleo (vimeno vinavyoshika ratcheti) na springi ndogo ambazo zikidondoka kwenye vumbi hutaziona tena.

Agiza mwili wa friwili wa aina ya HG, yaani ule mfumo wa Shimano wa kushikia kaseti, na wa chuma kama upo. Wa alumini ni mwepesi, lakini kaseti inauchimba hadi inakataa kutoka. Hakikisha pia ukubwa wa ekseli unalingana na fremu na foku yako: nyuma 12x148 au 12x157, mbele 20x110. Hakuna kipande cha kuunganishia kinachostahili kuaminiwa kwenye mawe.

Tairi na upepo

Tairi ya mbele ni Maxxis Assegai 2.5 yenye kuta za DH, zile nene za kushuka milima. Iliingia sokoni 2018 ikiwa imebuniwa pamoja na Greg Minnaar wa Pietermaritzburg, Afrika Kusini, bingwa wa dunia mara nne, na jina lake maana yake ni mkuki. Inazidi gramu 1,300, na uzito huo ndio unaoulipia: tabaka mbili za nyuzi na mpira wa ziada juu ya ukingo wa ringi. Tairi yenye kuta nyepesi za EXO inapita vizuri porini kwenye udongo, lakini kwa granaiti itachanika ubavuni. Mchaniko wa ubavu hauzibwi kwa kiraka, unashonwa, na tairi iliyoshonwa usiishushie mlima.

Mpira laini wa MaxxGrip uweke mbele peke yake. Granaiti ni msasa. Nyuma, unapofunga breki na gurudumu likaburuzika kidogo, mpira huo unamenyeka vichwa kwa siku chache. Weka Minion DHR II yenye mpira mgumu kidogo wa MaxxTerra na kuta za DoubleDown. Unapoteza mshiko kidogo kwenye jiwe lililolowa, unapata tairi itakayodumu zaidi ya mara dufu. Wanaopendelea Schwalbe watafute Magic Mary ya Super Downhill mbele, na nyuma yenye mstari wa rangi ya chungwa, maana ule wa zambarau ndio mpira laini kabisa.

Kwa mtu wa kilo 75, anza na PSI 24 mbele na 27 nyuma. Ukisikia ringi ikigonga jiwe zaidi ya mara moja kwa mteremko, ongeza moja. Ukiweka sponji la ndani kama CushCore unaweza kushuka mbili, na kwa gurudumu la nyuma tunalishauri kwa moyo wote, kwani bei yake ni ndogo kuliko ya ringi. Maji ya kuziba weka mililita 120 kila tairi, na kwa joto letu yachungulie kila baada ya miezi miwili. Yakikauka yanageuka ngozi ya mpira ndani ya tairi, na mwiba wa mgunga utakaopita siku hiyo hautazibwa na chochote.

Jambo dogo linalosahaulika ni valvu. Kompresa za mafundi pancha wa bodaboda ziko kila kona, ila kichwa chake ni cha valvu ya gari. Valvu nyembamba ya Presta haiingii. Kipande cha shaba cha kubadilishia ni kidogo kuliko ncha ya kidole. Funga viwili kwenye ufunguo wa nyumba na kimoja kwenye fremu. Kompresa ndiyo inayokaza tairi ya tyubulesi kwenye ringi kwa mlio ule wa risasi mbili, kazi ambayo bomba la mkono litakutoa jasho bure. Mwambie fundi asipite PSI 35.

Breki

Hapa kuna kosa linaloua breki za gharama kubwa kila siku: kudhani mafuta ya breki ni mafuta ya breki. Kuna familia mbili. SRAM Code na Hope zinatumia DOT, kama gari. Shimano, Magura na SRAM Maven zinatumia mafuta ya madini. Ukimimina DOT kwenye Shimano, sili zake zinavimba, mkono wa breki unakataa kurudi, na hata ukiosha mfumo wote hazirudi kama zilivyokuwa. Ukimimina mafuta ya madini kwenye Code, matokeo ni yaleyale. Aina ya mafuta imeandikwa kwenye mkono wa breki, karibu na kifuniko cha mafuta. Msomeshe fundi kabla hajafungua chupa, au simama pale uhakikishe.

Kwa Mwanza tunachagua DOT, na tunajua wengi watabisha. Hoja yao ni ya kweli: DOT inanyonya unyevu wa hewa. DOT 4 ikiwa kavu lazima ihimili angalau nyuzi 230 bila kuchemka. Ikishanyonya maji kiwango chake kinashuka hadi 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Na sisi tuko kando ya ziwa. Lakini miteremko yetu haifikishi joto hilo kirahisi, na kumwaga mafuta ya zamani na kuweka mapya mara moja kwa mwaka, kabla ya vuli, kunamaliza tatizo. Kwa upande wa pili, chupa ya DOT 4 iko kwenye kila duka la vipuri vya magari, na SRAM wenyewe wanaikubali pale ambapo 5.1 haipo. Usichukue iliyoandikwa DOT 5 peke yake. Hiyo ni silikoni, ni kitu kingine kabisa. Nunua chupa ndogo, tumia, mwaga iliyobaki. Chupa iliyofunguliwa na kukaa rafu moja na rangi miezi minane imeshajaa maji.

Hoja iliyotuamulia ni nyingine. Kalipa ya Shimano ikianza kuvuja kwenye pistoni, kampuni haiuzi sili zake. Unanunua kalipa nzima. Kwa Code unapata pistoni na sili zake kama seti. Kwa Hope Tech 4 V4 ya Uingereza unapata kila kipande, hadi boliti ndogo ya mkono. Kwa hiyo mwenye uwezo achukue Hope V4, anayebana matumizi achukue Code R, na aliyekwisha kununua Shimano ya pistoni nne, iwe SLX, XT au Saint, asiitupe. Ni breki nzuri sana. Aagize chupa yake ya mafuta mapema aiweke nyumbani.

Pedi ziwe za metali. Pedi za rezini huuma vizuri zaidi zikiwa baridi na hazipigi kelele, ila kwenye tope la changarawe la Machi na Aprili zinaweza kuisha ndani ya siku moja ya kushuka, ukabaki unafunga breki kwa bamba la chuma. Kabla ya kuweka za metali soma diski: zile za bei nafuu zimeandikwa kuwa ni za rezini tu, na metali itazila. Kwa Shimano badilisha pedi unga wake ukibaki nusu milimita. Kwa SRAM pima pedi pamoja na bamba lake. Ikifika milimita 3 itoe.

Diski ziwe milimita 203 mbele na nyuma. Ya 220 mbele inamfaa mtu mzito tu, na kwenye mawe yetu kadiri diski inavyokuwa kubwa ndivyo inavyokaribia jabali. Diski ya Shimano ya unene wa 1.8 huisha ikifika 1.5. Ipime katikati ya njia ya pedi. Ukingo wa nje hauguswi na pedi, na utakudanganya.

Pedi mpya zinahitaji kulainishwa na diski. Tafuta barabara ya lami yenye mteremko mpole, kimbia mwendo wa wastani, punguza hadi karibu kusimama lakini usisimame kabisa, mara ishirini. Kisha ongeza mwendo, mara kumi. Ukifunga gurudumu likaganda, unabandika unga wa pedi sehemu moja ya diski, na breki itatetemeka mpaka mwisho wa maisha yake. Mlio wa kulalamika baada ya kuosha baiskeli mara nyingi ni mafuta ya cheni yaliyorukia diski. Safisha diski kwa spiriti, na pedi zilizonyonya mafuta zitupe. Kuzichoma kwenye jiko la mkaa ni matumaini tu.

Gia na cheni

Gia nyingi hazina kazi kwenye baiskeli inayosukumwa juu au kupandishwa na kirikuu. Kaseti ya 11-25 yenye gia 10, mkono wa gia (dereila ya nyuma) mfupi wa Shimano Zee au Saint wenye klachi, sproketi moja ya mbele ya meno 34 au 36, krenki za milimita 165. Sababu ya kushikilia HG ni hii: kaseti ya gia 10 ikikufia, mwili huohuo wa friwili unapokea kaseti ya gia 8, na cheni za gia 6, 7 na 8 ni zilezile zinazofungwa kwenye baiskeli za mtumba kutoka Japani. Utabadilisha na kishifti chake, lakini utaendesha Jumamosi. Miili ya friwili ya aina nyingine, XD ya SRAM na Micro Spline ya Shimano, inakunyima njia hiyo.

Usiache kiongoza cheni na ngao chini ya sproketi. Ngao ndiyo inayopokea jabali badala ya meno. Ile ya plastiki nene inateleza juu ya jiwe; ya alumini inashika jiwe na kukurusha mbele.

Pima cheni kwa rula ya chuma. Kutoka katikati ya pini moja hesabu hadi pini ya 24 baada yake: mpya ni milimita 304.8. Ikivuka 306 itoe, maana ikiendelea itachonga kaseti, na kaseti ikishachongwa itakataa cheni mpya. Kwa vumbi letu tumia mafuta mepesi, tone moja kwa kila rola, kisha futa yote yanayoonekana nje. Grisi ya gari kwenye cheni inakusanya changarawe na kutengeneza msasa unaozunguka.

Foku na shokapu

Fox 40 na RockShox BoXer ni foku bora, lakini kwa kudumu tunaiweka mbele Marzocchi Bomber 58: nguzo (mirija ya juu) za milimita 40 kama za Fox 40, mwendo wa milimita 203, na ndani dampa (kituliza mwendo) ya GRIP ambayo ni rahisi na haina vitasa vingi. Vitasa vingi ni oringi nyingi. RockShox wanaandika huduma ya miguu ya chini kila saa 50. Kwa vumbi la Julai hadi Septemba fanya kila saa 30, kwa foku ya kampuni yoyote. Ni sili za vumbi, sponji zake na mafuta mapya kwa kipimo cha kitabu cha foku hiyo. Mchanga uliokaa chini ya sili unakwangua rangi ya nguzo, na nguzo iliyokwanguliwa itakata kila sili mpya utakayoweka. Sili moja leo, nguzo nzima kesho.

Nyuma weka shokapu ya springi ya chuma. Ya hewa ina sili kubwa inayosugua muda wote na pampu yake maalumu. Springi haina upepo wa kupotea. Nunua springi kwa uzito wako pamoja na kofia, viatu na maji, ukilenga shokapu izame asilimia 28 hadi 32 ya mwendo wake ukiwa umesimama juu ya pedali. Ukilazimika kukaza kola (pete inayokandamiza springi) zaidi ya mizunguko miwili ili kufika hapo, springi ni laini mno kwako.

Vilivyobaki kwa haraka. Fremu ya alumini yenye uzi kwenye beringi za katikati, kamwe usichukue za kukandamiza; chini ya bomba la fremu funga kipande cha tairi kuukuu kwa tai za plastiki. Usukani wa alumini, milimita 800, na ukianguka vibaya ukapinda hata kidogo, utupe. Pedali za nailoni zenye ekseli ya chuma ni nafuu na zinateleza juu ya jiwe pale ambapo za alumini zinang'ata na kusimama.

Kuosha ni kwa ndoo na brashi. Mashine za shinikizo za kuoshea magari zinasukuma mchanga kupita sili zote ulizozilipia. Na usiitumbukize ziwani: maji yanajaa kwenye habu, na wewe utarudi na kichocho.

Sanduku la akiba la mwaka mmoja liwe na seti mbili za pedi kwa kila breki, diski moja, spoku nne za kila urefu (gurudumu moja huwa na urefu mbili), nipeli kumi, masikio mawili ya kushikia mkono wa gia, viungo vitatu vya cheni, seti moja ya beringi za habu zote, sili za foku, lita moja ya maji ya kuziba, nyoyo nne za valvu (sindano za ndani), na viungio viwili vya mpira wa breki. Sikio la mkono wa gia ndilo linalovunjika kwanza na ndilo lisiloazimika, kwa kuwa kila fremu ina lake. Liagize siku unayoagiza fremu.